Makako wawili wa fundi, na watoto watatu wa dada yangu

Jambo ninaloandika hapa nililisema tayari hewani siku ya Ijumaa, lakini nililisema vibaya. Kipindi kilikuwa na dakika saba tu, na katikati umeme ukakatika, tukangoja jenereta. Nilipotoka studio nikakuta simu tisa ambazo sikupokea. Nane zilikuwa za watu wanaotaka salamu zao zisomwe. Ya tisa ilikuwa ya baba mmoja wa kambi ya Kigonze. Nilimpigia. Hakunisalimu hata.

“Mama wa radio,” akasema, “mimi nilikimbia Djugu na watoto wanne. Nyumba iliungua, ng'ombe walikwenda. Leo unaniambia watoto wangu ni kama makako?”

Sikuwa na jibu la haraka. Kila Mkongo anajua neno hilo linatoka wapi. Wakati wa Wabelgiji, koko zetu waliitwa makako na watu waliokuwa wakiwatuma kubeba mizigo, na neno hilo bado linaumiza hata likisemwa na mtu wa hapa hapa. Kwa hiyo baba yule alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi, pole pole, kuanzia mwanzo.

Mwanzo ni kwa jirani yangu, fundi wa pikipiki, upande wa Mudzipela. Miezi kadhaa iliyopita motari mmoja aliyetoka barabara ya Komanda alimletea kikapu. Juu kulikuwa na nyama ya pori iliyokaushwa, chini kulikuwa na makako mdogo, wa aina ile yenye alama nyeupe puani, hajafika ukubwa wa paka. Sihitaji kuwaeleza nyama ile ilikuwa ya nani. Wawindaji hawamfuati mtoto. Wanampiga mama, na mtoto anabaki ameshika manyoya yake mpaka wamkwanyue. Fundi alimnunua kwa bei ya mchezo, watoto wake wafurahi.

Nilikwenda kumtazama kwa udadisi wa kazi. Alikuwa amefungwa kamba kiunoni chini ya mwembe. Walimpa ndizi, hakula. Walimpa maziwa, alikunywa kidogo. Alichotaka ni kitambaa. Mke wa fundi alikuwa ameacha kikwembe cha zamani juu ya kamba ya nguo. Makako alikivuta mpaka kikaanguka, akakikumbatia kwa mikono na miguu, akafunga macho. Ukijaribu kukichukua analia kama mtoto wa mtu. Siku tatu aliishi juu ya kikwembe kile.

Baada ya wiki mbili yule motari akaleta wa pili. Nilidhani watapigana. Hawakupigana. Walishikana kifua kwa kifua, na tangu siku hiyo ukimwona mmoja umewaona wote wawili. Mmoja akienda kwenye sahani, mwingine anaenda nyuma amemshika kiuno. Mbwa akipita wanapiga kelele pamoja. Watoto wa mtaa walicheka sana, wakawaita bwana na bibi harusi. Nami nikaona ni jambo zuri. Nikasema: hawa wameponyana.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo halikuwa kwa makako tu.

Kuna mzungu mmoja, Harry Harlow, mtaalamu wa chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambaye wanafunzi wa saikolojia wanamsoma mpaka leo. Katika miaka ya 1950 alichukua watoto wa makako wa Asia, akawatenga na mama zao mara tu baada ya kuzaliwa. Akawatengenezea “mama” wawili: mmoja wa waya mtupu, mwingine wa waya uliofunikwa na kitambaa laini. Wakati ule wataalamu wengi walifundisha kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Basi Harlow akaweka chupa ya maziwa kwa mama wa waya. Watoto walikwenda kwa waya, wakanyonya, kisha wakarudi mbio kwa kitambaa, na huko walikaa karibu siku nzima. Mwaka 1958 alieleza matokeo hayo mbele ya wataalamu wenzake, na mengi yaliyokuwa yakifundishwa yakaanguka. Mke wa fundi angeweza kuwaambia hayo bure, kwa kikwembe chake.

Wengine Harlow aliwafungia peke yao kabisa, miezi sita, hata mwaka. Walipotoka walikuwa wanajikumbatia, wanajitikisa mbele na nyuma, wanajiuma. Hawakujua kucheza. Ni ukatili, na watu wengi walimlaumu. Mimi pia, nikisoma, nilifunga kitabu mara mbili. Lakini mateso yale yalikwisha kutendeka, na nilichotafuta mimi kilikuwa katika kundi lingine: watoto waliolelewa bila mama lakini pamoja na wenzao wa umri wao.

Mwanzoni hao walionekana kuwa wazima. Walishikana. Walitembea kwa mstari, kila mmoja amemshika wa mbele yake, kama behewa za treni. Hawakujitikisa kama wale wa kifungoni. Lakini walipokua, Harlow na baadaye mwanafunzi wake Stephen Suomi waliona kitu. Watoto wale walicheza kidogo kuliko wenzao wenye mama. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayekushika kwa hofu hawezi kukupeleka mbali. Mtoto mwenye mama anaacha mgongo wake, anakwenda kuchungulia kitu kipya, anaogopa, anarudi kushika, anatulia, anakwenda tena. Mama hatikisiki, ni kama nguzo ya nyumba. Lakini mtoto mwenzake anaogopa wakati uleule naye anaogopa. Wote wawili wanakimbiliana, na hofu ya mmoja inawasha ya mwingine. Wengi wa wale waliolelewa na wenzao walikuwa na woga wa vitu vipya walipokuwa wakubwa, na baadhi walikuwa wepesi wa kupigana, wakabaki chini katika kundi.

Basi yale niliyoyaona chini ya mwembe, wale makako wawili wasioachana, hayakuwa kupona bado. Yalikuwa kushikilia tu wasizame.

Sasa niwaambie kwa nini maneno hayo yalinikaa kooni.

Dada yangu alikimbia kutoka Djugu na watoto watatu. Mume wake tulimpoteza njiani, na sijui zaidi ya hapo. Walipokelewa Kigonze. Mwaka uliofuata dada aliugua, akafariki. Mkubwa, msichana, alikuwa na miaka kumi na moja. Wa kati, mvulana, saba. Wa mwisho hajafika minne. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kazi ya kupanda pikipiki leo kwenda Kasenyi, kesho Komanda. Nikasema: wabaki kambini kwanza, shule iko karibu, mama wa kibanda cha jirani anawatupia jicho, na mimi nitakwenda kila Jumapili.

Nilikwenda kila Jumapili, kweli. Nilipeleka unga, sombe iliyotwangwa, sabuni. Na kila Jumapili nilikuta kitu kilekile: mdogo mgongoni kwa mkubwa, wa kati ameshika sketi yake. Mkubwa anapika, anateka maji na bido ya manjano, anamkemea wa kati kwa sauti ya dada yangu hasa, mpaka nilishtuka. Nilirudi nyumbani nikiwaambia watu: wale watoto ni hodari, wanashikana, wako sawa. Hata hewani niliwahi kusema hivyo, katika kipindi cha siku ya mtoto, bila kutaja kwamba ni wa damu yangu. Nilisema kwa fahari. Miezi minne ilipita.

Mwalimu ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia wa kati hawezi kukaa darasani dada yake akiwa darasa lingine. Anatoka, anakwenda kusimama mlangoni kwake. Wenzake wakimgusa anawapiga, hata wakimgusa kwa mchezo. Na mkubwa, ambaye alikuwa wa kwanza darasani kule kijijini, sasa analala juu ya dawati. “Mama,” akasema, “huyu msichana hana mtu wa kumshika yeye.”

Nilipanda pikipiki bila kusema neno.

Kabla ya kufika kwenye baraza la familia, nigeuke kidogo, kwa maana baba wa Kigonze asije akadhani nimetafuta mfano Marekani tu. Hapa Kongo tuna vituo vinavyofanya kazi hii kila siku. Lwiro, karibu na Bukavu, katika majengo ya zamani ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji, tangu mwaka 2002 wanapokea yatima wa sokomutu na wa makako waliotekwa kama wale wa fundi. Leo sokomutu peke yao ni zaidi ya 100. Karibu na Kinshasa kuna Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André katika miaka ya 1990. Huko bonobo mdogo hatupwi mara moja kwa wenzake. Kwanza anapewa mama, mwanamke mwenye mikono miwili, anayembeba, anayemlisha, anayelala naye mchana. Wanafanya hivyo kwa sababu wameona: mtoto asiyepewa mtu wa kwake anaweza kukataa kula na kufa, hata chakula kikiwa tele. Akisha kupata nguvu ndipo anaingizwa katika kundi la wadogo wenzake, na mama yupo pembeni.

Mwaka 2013 watafiti Zanna Clay na Frans de Waal walitangaza walichoona huko Lola. Walitazama bonobo mmoja akipigwa na kulia, nani anakwenda kumkumbatia. Waliolelewa na mama zao wenyewe walikwenda kufariji zaidi kuliko yatima. Na walipolia wao, waliolelewa na mama walinyamaza upesi. Yaani anayejua kutuliza moyo wake ndiye anayepata nafasi ya kutuliza wa mwenzake. Lakini ona pia: yatima nao walifariji. Walifariji kidogo zaidi, ndiyo, lakini walikwenda. Na baadhi ya yatima wa Lola wamekua, wamezaa, na tangu 2009 wengine wamerudishwa porini kule Équateur.

Na wale wa Virunga mnawajua. Ndakasi, gorila wa mlimani, alikutwa mwaka 2007 akiwa na miezi miwili tu, ameshika maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Alilelewa na Ndeze, yatima mwingine wa mwaka uleule, na mlinzi André Bauma. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Ndakasi alikufa tarehe 26 mwezi wa tisa 2021, kichwa chake kikiwa kifuani kwa Bauma. Alikuwa na rafiki wa umri wake, na alikuwa na mtu mzima asiyeondoka. Vyote viwili.

Tena, kwa wale wanaosema elimu hii ni ya wanyama: katika miaka ya 1980 watafiti Edward Tronick na Gilda Morelli walikuja katika pori letu hapa Ituri, kuishi karibu na ndugu zetu Waefe. Waliandika jambo lililowashangaza wataalamu wa kwao. Mtoto wa Kiefe tangu siku za kwanza anapita mikono mingi: koko, shangazi, dada, jirani, hata ananyonyeshwa na wanawake wengine. Akifika miezi minne, zaidi ya nusu ya muda wake wa mchana yuko mikononi mwa mtu asiye mama yake mzazi. Wazungu waliandika kwamba hiyo ni aina nyingine ya malezi, na ni nzuri. Sisi tulijua. Lakini nilisoma tena nikaona neno nililolipita: mikono ile mingi ina watu wazima ndani yake. Wasichana wadogo wanabeba, ndiyo, lakini nyuma ya kila msichana kuna mama aliyekaa hatua tano, akitwanga.

Nyuma ya msichana wetu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mimi, siku ya Jumapili.

Basi familia ikakutana kwangu. Baba mkubwa wa watoto alitoka Aru na basi la usiku, shangazi mmoja alikuwa kwenye simu kutoka Kisangani, mama yangu alikaa juu ya mkeka. Mpango ulikuwa tayari kabla sijafungua mdomo: mvulana aende Aru kwa baba mkubwa, maana ni wa ukoo, mdogo aende Kisangani, shangazi hana mtoto, mkubwa abaki na mimi, “atakusaidia nyumbani.” Nataka niwe mwaminifu: hakuna aliyekuwa mbaya hapo. Kila mmoja alikuwa anajitolea kulisha kinywa kimoja, na kulisha kinywa siku hizi si mchezo.

Nilisema hapana. Nikaanza kueleza habari za Ndakasi na Ndeze, na treni ya makako. Baba mkubwa alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: “Shemeji, sikujua kwamba gorila ndiye mzee wa ukoo wetu.” Watu wote walicheka, na mimi nilicheka, na machozi yalinitoka.

Mama yangu ndiye aliyesaidia, na hakutaja gorila. Alisema: “Mwaka 2003, mwezi wa tano, tulipokimbilia karibu na uwanja wa ndege, mlikuwa watano, na sikuwa na kitu. Mlilala juu yangu kama vifaranga. Je, kama mtu angekuja siku ile kuwagawa?” Baba mkubwa akanyamaza. Kisha mama akanigeukia mimi. “Na wewe usijisifu. Kuwaacha pamoja bila mtu mzima, hiyo nayo ni kuwatupa. Umewatupa pamoja, basi.”

Hilo halikuwa katika kitabu chochote cha Harlow, lakini lingefaa liwepo.

Tulikubaliana hivi. Watoto wote watatu wako kwangu, katika vyumba viwili, na mama yangu amehamia humu ili pawe na mtu siku ninapokuwa barabarani. Baba mkubwa hutuma maharagwe baada ya mavuno, na likizo ya mwaka mvulana atakwenda Aru kutembea, kisha atarudi. Shangazi wa Kisangani alilia kwenye simu. Bado ana uchungu, na sijui nitamfariji namna gani.

Jumamosi, siku moja baada ya kipindi kile, nilikwenda Kigonze kumtafuta yule baba aliyekasirika. Alinipa kiti. Nilimweleza yote haya. Hakuniambia kwamba amekubali. Alisema neno makako bado hataki kulisikia karibu na majina ya watoto wake, na nilimwahidi. Lakini alinipeleka kwa mama mmoja mzee, safu mbili za maturubai nyuma yake. Mama yule, tangu mwaka wa kwanza wa kambi, amewagawa yatima wa safu yake kwa wazee. Kila mtoto anajua koko wake ni nani, hata kama si wa kabila lake wala wa kijiji chake. Saa kumi na mbili jioni kila mtoto lazima apite kwa koko wake, aguswe kichwa, aulizwe amekula nini. Kama hakuna cha kula, anaulizwa vilevile. Mchana wanacheza wote pamoja, kundi zima, makelele mpaka barabarani.

Nilimwuliza nani alimfundisha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kutembea.

Harlow na Suomi pia, mwaka 1972, walieleza kwamba wale makako waliofungiwa peke yao miezi sita waliweza kupona karibu kabisa. Dawa ilikuwa makako wadogo wa miezi mitatu, wanaotaka tu kushika na kucheza, wasiojua kuchagua wala kupiga. Waliwashikilia wale wagonjwa wiki baada ya wiki, mpaka wagonjwa wakaanza kujibu. Niliandika hilo pembeni ya daftari langu, kwa ajili ya mvulana wetu. Siku hizi anacheza na mtoto wa jirani mwenye miaka minne, kwa masaa, na hampigi.

Fundi nilimsomea sheria ya mwaka 2014 ya ulinzi wa maumbile, akacheka, kisha akaacha kucheka. Makako wale wawili amewakabidhi kwa watu wa ICCN, katika kikapu kimoja, na kikwembe ndani. Mke wake ndiye aliyedai kikwembe kiende.

Jana nilirudi mapema kutoka kazini. Mdogo alikuwa kwa jirani, anasikika akicheka. Wa kati hakuwepo. Mama yangu alisema yuko uwanjani, amekwenda peke yake. Mkubwa alikuwa amelala juu ya mkeka, saa tisa ya mchana, mdomo wazi, vyombo havijaoshwa. Mama alinionyesha kwa kidole nitembee pole pole. Nilivua viatu mlangoni.